Lumir Dolezal, Kocha Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Aprili ulipokuwa jikoni ukigombana na redio. Mtangazaji alikuwa amesema mvua haitanyesha mpaka Jumapili. Ukainua kikombe cha kahawa ukasema, "Waongo hawa. Waje waliulize goti langu." Mama alikuwa amekupa mgongo, anageuza mayai kwenye kikaango, akacheka. Alipogeuka kukuuliza kama unataka mkate, ulikuwa umeshaondoka duniani. Kikombe kilikuwa mezani na hakikumwagika hata tone. Mama anasema hata katika hilo ulichunga usimchafulie kitambaa.

Jioni ile ilinyesha. Tulitaka ujue.

Wanaosoma hapa wengi wanakujua kama Kocha Dolezal wa Chuo cha Elm Fork, aliyefundisha besiboli pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zilipokwisha kabisa. Wanakumbuka vikombe viwili kwenye kabati la kioo, na ile sauti yako iliyosikika hadi dukani kwa mafundi wa matrekta. Sisi tuliokula nawe meza moja tunakumbuka zaidi jambo ambalo uwanjani hukulionyesha. Ulikuwa mtu wa hofu, Baba. Uliogopa kama watu wengine wanavyovuta sigara, moja ikizima unawasha nyingine.

Hofu yako ilianza Februari, theluji ikiwa bado imelala uwanjani. Ulikwenda na koleo kuiondoa wewe mwenyewe, kwa sababu uliogopa wachezaji wakiiondoa wao wataumia mgongo. Basi la timu uliliendesha wewe, maana dereva wa kukodi unamjuaje? Kabla ya kuondoka ulihesabu vichwa, na mkifika barabara kuu ukahesabu tena, kana kwamba yupo aliyeweza kuruka dirishani. Uliwauliza vijana kuhusu mitihani, meno yao na wasichana wao. Mwaka mmoja ulimrudisha mchezaji bwenini kwa sababu alikuwa anakohoa, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wako bora.

Lakini hawakukuchoka, kwa sababu ulijua kuwachekesha. Rafiki yetu mmoja aliyechezea timu yako bado anasimulia safari ya kwenda Kansas, vijana wakiimba nyuma ya basi.

"Mnaimba kama ng'ombe anayezaa," ulisema.

"Kocha, wewe umewahi kumsikia ng'ombe akizaa?" aliuliza kijana wa Omaha, mtoto wa mjini.

"Nimewazalisha wengi tu. Na wote walikushinda sauti."

Na waamuzi je? Hukuwahi kumtukana mwamuzi hata mmoja. Ulimkaribia polepole, mikono mfukoni, ukamuuliza kwa upole, "Ndugu yangu, mkeo anajua umetoka bila miwani?" Kisha ukarudi zako kwenye banda la wachezaji kabla hajajua acheke au akufukuze.

Mama alikaa daima upande wa kushoto, safu ya tatu, na kikapu cha kufuma. Watu walidhani anafuma. Sweta la binti yenu Marvene lilichukua misimu miwili, na mwishowe likamfaa mtoto wa jirani. Mikono yake ilishika sindano lakini macho yake hayakuondoka kwako. Mchezo wenyewe hakuupenda. Aliogopa ule mpira mgumu kama jiwe, aliogopa marungu ya bati ya kupigia mpira na mlio wake, na alikuogopea wewe uliyekuwa unawaogopea wengine wote. Katika nyumba yetu hofu ilikuwa na ngazi, na Mama alikaa ngazi ya juu.

Kuna jambo moja, Baba, ambalo mjini linasimuliwa nusu nusu. Wewe hukulizungumza hata siku moja, na Mama alinyamaza kwa sababu ulinyamaza. Ametusimulia mwaka huu, mimi Wendell na dada yangu, tukiwa tumekaa naye tukimenya viazi. Tumemwomba ruhusa tuliandike hapa. Amesema, "Andikeni. Sasa hawezi kunikatiza."

Ulikuwa ule mwaka wa mvua nyingi, mechi ya mwisho ya kuwania ubingwa, nyumbani. Aliyesimama kwenye kichuguu cha warushaji alikuwa Rory Haugen, mtoto wa wafugaji wa Vilima vya Mchanga, kijana mrefu, mpole, mwenye mkono ambao hujawahi kufundisha mfano wake. Watu wa ligi kubwa walikuwa wamekuja kumtazama. Baba yake, Gaylen, alikuwa ameendesha tangu alfajiri akiwa na kofia yake mpya ya wachunga ng'ombe.

Mpigaji wa wageni aliupiga mpira, nao ukarudi moja kwa moja ulikotoka. Mama hakuuona. Alisikia milio miwili tu, wa kwanza wa bati na wa pili ambao hakutaka kujua ni wa nini. Alipoangalia, Rory alikuwa chini, ameshika kichwa, na wewe ulikuwa unakimbia. Ulikuwa hujakimbia miaka mingi, na Mama anasema katikati ya woga wote ule alijikuta akifikiri, Mungu wangu, huyu naye ataanguka.

Kumbe Rory akainuka. Akajipangusa, akacheka, akainua mkono. Uwanja mzima ukapiga makofi.

"Niko sawa, Kocha," alisema. "Nipe mpira."

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Tunacheza na nani?"

Akanyamaza kidogo mno, Baba, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kisha akajibu sawasawa. Lakini wewe uliuona ule unyamavu. Ulinyoosha mkono, ukachukua mpira kutoka kwenye glavu yake.

Watu wakazomea. Watu wetu wenyewe, waliokula kolache za Mama, yale maandazi yenye matunda, kila Pasaka, walizomea. Msaidizi wako Kirby alikuambia kwa sauti ya chini, "Kocha, kijana amejibu vizuri. Zimebaki zamu mbili tu." Gaylen Haugen alishuka hadi kwenye uzio, akashika waya kwa mikono yote miwili.

"Unafanya nini wewe? Unajua ni akina nani wamekaa pale juu?"

"Najua."

"Basi mwache arushe! Mwanangu hakulelewa kwenye pamba."

"Gaylen, leo nichukie. Nina nafasi."

"Mwoga wewe! Mji mzima unajua. Kocha mwoga!"

Uliuliza gari la wagonjwa liko wapi, ukaambiwa watu wa kujitolea wameitwa kwenye trekta lililopinduka upande wa kusini. Ukamkabidhi Kirby timu, katikati ya mechi ya ubingwa, ukampeleka Rory kwenye gari letu. Mama alikuwa tayari ameshuka. Alikaa kiti cha nyuma na yule kijana. Kikapu cha kufuma alikisahau pale safu ya tatu, na hakukitafuta tena.

"Mama Dolezal, ninyi mnahangaika bure," Rory alimwambia, mkitoka mjini.

"Kuhangaika ni kazi yetu, mwanangu. Niambie kuhusu farasi wako."

Akamwambia. Farasi anaitwa Pepper, mwekundu, anauma watu. Mama akauliza hili na lile, akimtazama usoni. Mlipopita ghala la nafaka, Rory akasema tena farasi wake anaitwa Pepper. Mlipopita makaburi akasema tena, na neno likamtoka limelegea. Kisha akatapika kwenye mapaja ya Mama.

"Lumir," Mama alisema. "Kaza mguu."

Ulikuwa umeshaukaza. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli, mji unaofuata. Mlipofika kwenye njia panda ya reli, taa nyekundu zilikuwa zinawaka, vizuizi vimeshuka, na treni la makaa ya mawe linapita.

Sisi wa huku tunayajua yale matreni. Mtu huzima injini, hula mkate wake akaumaliza. Mabehewa yalipita, yakapita, kisha yakaanza kupunguza mwendo. Ulikuwa umeshika usukani na unasema peke yako, "Usisimame. Usisimame. Tafadhali usisimame." Likasimama. Mkia wake huku hauonekani na kichwa chake kule hakionekani, ukuta wa chuma umekatiza nyanda kutoka upeo hadi upeo.

Mama akapiga simu hospitalini. Wakamwambia watatuma gari hadi upande wa pili wa reli, lakini wao pia hawana njia ya kuvuka. Daraja la karibu liko mbali, na barabara ya kwenda huko imekatwa na mafuriko. Kisha akapiga namba iliyoandikwa kwenye kibao cha njia panda. Mwanamke akapokea, sauti nzuri, ya upole.

"Usikate simu, mama. Namtafuta dereva wa treni nimwambie asisogee."

"Harakisha, binti."

"Nimeshaanza. Usikate."

Wewe ulikuwa nje, unakwenda na kurudi mbele ya gari kama dume lililofungiwa. Nyuma yenu matope yakaruka, na gari la Gaylen Haugen likasimama nusura liwagonge. Alikuwa amewafuata kuja kumaliza ugomvi. Alishuka anapiga kelele. Alikuwa anasema utamlipa, utamlipa maisha ya mtoto wake. Mama akafungua mlango wa nyuma. Gaylen akaona.

Rory alikuwa amefumbua jicho moja. Mboni ya jicho lile ilikuwa kubwa kama kitufe cha koti. Baba yake alimwita kwa jina, na kijana akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Mama anasema hajawahi kuona mtu akipungua mbele ya macho yake namna ile. Kofia mpya na kila kitu. Gaylen alikugeukia wewe, na sauti iliyotoka haikuwa ya yule mtu wa kwenye uzio.

"Kocha, tufanye nini?"

Ng'ambo ya treni, katikati ya mabehewa mawili, mliona gari la wagonjwa likifika na watu wawili wakishuka na machela. Mmoja alipiga kelele, "Msijaribu kuvuka! Likiondoka litawasaga!"

"Lina muda gani hapa?" ulipaza sauti.

"Hatujui! Laweza kukaa saa nzima! Laweza kuondoka sasa hivi!"

"Na yeye ana saa nzima?"

Yule mtu alitazama chini.

Mama alikushika fulana. "Lumir, ngoja. Huyu binti anamtafuta dereva. Ngoja kidogo tu."

"Arlys, mtazame mtoto."

"Nimemtazama. Na wewe nakutazama. Usithubutu, mzee."

Ukauondoa mkono wake kwenye fulana yako, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama unavyotoa mwiba. Hukusema neno la ushujaa. Ulisema, "Nitapanda wa kwanza nipokee kichwa. Gaylen, wewe shika miguu. Usiangalie magurudumu."

Mabehewa yale hushikana kwa chuma kinene kama goti la ng'ombe, nacho kiko juu, kifuani mwa mtu. Ulipanda ukiwa na umri wa babu. Gaylen akamwinua mwanawe, wewe ukamvuta kwa makwapa, kichwa chake kimelala kwenye shingo yako. Mama alisimama kwenye kizuizi, simu sikioni, na katika sikio lile hakukuwa na kitu ila mluzi mwembamba wa kusubirishwa. Aliona miguu ya Rory ikipita juu ya chuma. Aliona mikono ya watu wa ng'ambo ikipokea. Aliona Gaylen anapanda, anavuka, anaruka. Ulibaki wewe.

Ndipo simu ikasema, "Mama? Nimempata dereva. Anasema ameruhusiwa njia, anaondoka."

"Mwambie asiondoke! Mume wangu yuko juu!"

"Yuko wapi?"

Treni la makaa halianzi kwa kusogea, Baba, unajua. Linaanza kwa mshindo. Kichwa huvuta behewa la kwanza, la kwanza huvuta la pili, na mshindo unakuja unakimbia behewa hadi behewa kama ngurumo inayoteremka ngazi. Mama aliusikia ukiwa mbali. Aliusikia unakuja. Alikuita jina lako lote, kama ulivyoitwa siku ya harusi. Aliona mgongo wako, aliona unageuza kichwa, kisha chuma kikagonga chuma na mabehewa yakaanza kwenda, na nafasi uliyokuwamo ikasogea, ikaenda zake na wewe huonekani.

Hakujua. Hilo ndilo alilotuambia kiazi kikiwa kimemwanguka mkononi. Hakujua kama uliruka au uliteleza. Angeweza kuinama akaangalia chini ya mabehewa, kati ya magurudumu, na kwa hakika angeona. Hakuinama. Alisimama wima, akatazama yale maandishi ya ubavuni yakipita, namba na namba na namba, kwa sababu maadamu hajaona, ulikuwa bado hai. Yule binti wa simu alikuwa anauliza, "Mama, upo? Mama, upo?" na Mama hakumbuki kama alimjibu.

Treni likachukua muda wake wote.

Behewa la mwisho lilipopita, kulikuwa na barabara, matope, na alama za magurudumu ya gari la wagonjwa lililokwisha kuondoka. Pembeni ya barabara, umekaa kwenye kokoto, miguu umeinyoosha kama mtoto anayengoja uji, ulikuwepo wewe. Ndani ya gari kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, ukampa Gaylen.

Mama alivuka reli bila kuangalia kushoto wala kulia. Ulimnyooshea mkono akuinue. Akaupiga kofi. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto, na matapishi kwenye sketi yake, akakukumbatia hadi mkashindwa kupumua wote wawili.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua."

"Na wewe?"

"Ukiniachia kidogo."

Rory alipasuliwa jioni ile. Daktari alimwambia Gaylen kwamba damu ilikuwa inakusanyika ndani ya fuvu, na kuchelewa kidogo zaidi kungetosha kumuua. Kijana alijifunza upya kutembea kwa mstari. Sikio la kushoto halikusikia tena, na kichuguuni hakusimama tena. Ubingwa tulishindwa vibaya. Mjini watu walikuita mwoga kwa siku kadhaa, mpaka habari ya reli ilipotoka hospitalini, na hata hapo waliipata nusu. Walijua ulimvusha. Hawakujua Mama alisimama wapi.

Kiangazi kile Gaylen alikuja nyumbani na nyama ya ng'ombe mzima kwenye masanduku ya barafu. Aliyashusha barazani moja moja, jasho likimtiririka. Wewe ukasema, "Huyu ng'ombe angekuja na miguu yake angekurahisishia kazi." Akacheka, akalia, akaondoka. Kila mwaka alikuja. Amekuja hata baada ya wewe kuondoka, Baba, na safari hii alikaa na Mama barazani kutwa.

Baada ya siku ile hofu yako haikupungua, iliongezeka. Ulianza kuota ndoto mbaya. Uliwavalisha warushaji kofia zenye sponji ndani, timu nyingine zikawa zinawaita vichwa vya uyoga. Uliwatoa mapema, mechi zikakuponyoka. Mwenyekiti wa bodi ya chuo alikuita ofisini akakuambia kwa adabu, "Lumir, watu wanasema siku hizi unafundisha kwa woga."

"Wanasema kweli," ulimjibu. "Sikuwahi kufundisha kwa kitu kingine."

Ulirudi nyumbani ukamwambia Mama kwamba pengine umeshaachishwa kazi, hujui vizuri, na ukauliza kuna nini cha kula. Hawakukuachisha. Ulifundisha vivyo hivyo hadi moyo ulipoanza kukuchezea. Ndipo kila msimu ukawa wa mwisho, na kila majira ya kuchipua ukamwambia Mama, "Huu tu, halafu basi." Yeye alikaa na dawa zako kwenye mkoba, safu ya tatu, bila kikapu sasa.

Uliwafundisha warushaji wengi mno, na wengi wao hawakufika popote katika besiboli. Walifika kwingine. Kwenye mazishi yako kanisa lilijaa wafugaji, walimu, wauza mbolea, daktari wa meno mmoja, wanaume wazima wenye vitambi, kila mmoja akishika bega lake la kurushia na kutuambia kwamba bado halimuumi. Tulidhani ni utani mliokubaliana. Baadaye tukaelewa kwamba wanakupa wewe taarifa.

Sasa tukueleze ya mwaka huu, maana hukuyaona.

Emmett wako, mtoto wa Marvene, ameingia Elm Fork. Anarusha. Tulimsihi achague riadha. Alisema, "Mjomba, riadha ndiyo itanifanya nimkumbuke nani?" Mama aliposikia alikwenda chumbani akafunga mlango. Mwaka mzima hakukanyaga uwanjani. Madirisha yanayotazama uwanja aliyafunga tangu Machi ili asisikie mlio wa bati, na joto lilipoingia akasema afadhali jasho.

Jumamosi iliyopita alitoka chumbani amevaa koti.

"Nani ananipeleka?" aliuliza.

Marvene alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Hakutaka safu ya tatu. Alikaa juu kabisa, karibu na ngazi, kama mtu aliyekuja kwa muda tu. Emmett alirusha vizuri, Baba. Usitufikirie tunampendelea, hata wageni walisema. Zamu baada ya zamu, hakuna aliyepata pigo hata moja kwake. Watu wakaanza kunong'ona vile wanavyonong'ona mrushaji akikaribia kumaliza mechi bila kupigwa, na kocha mpya, kijana mzuri lakini ana haraka, akawa anasugua viganja. Mama alikuwa ameshika goti langu. Nina alama.

Zamu ya saba, tukiwa mbele kwa pointi moja, Emmett alisimama kichuguuni bila kurusha. Alitazama kiwiko chake. Alirusha mmoja, akatikisa mkono. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona uwanja ule. Alimwita mwamuzi asimamishe mchezo, akatembea mwenyewe hadi kwenye banda, akampa kocha mpira.

Tulimsikia kocha. "Unafanya nini? Rudi! Unajua uko wapi kwenye mechi hii?"

"Kiwiko kinaniuma, Kocha."

"Kinauma cha kuuma, au kinauma cha kuchoka?"

"Sijui. Naogopa."

Alilisema hivyo hivyo, Baba, mbele ya wenzake wote, kijana wa miaka kumi na tisa. Neno likapanda hadi juu tulipokaa. Watu wakaanza kuguna, na mtu mmoja mbele yetu akazomea kwa vidole mdomoni.

Mama aliliachia goti langu. Alisimama, akashika reli ya ngazi, akapiga makofi. Peke yake. Mwanamke mfupi wa miaka sabini amevaa koti la baridi siku ya jua, anapiga makofi kwa mrushaji aliyeiacha mechi. Yule mzomeaji akageuka, akamtambua, akateremsha vidole. Marvene akasimama. Mimi nikasimama. Waliosimama baada yetu watajisemea wenyewe.

Tulishindwa. Nyumbani Emmett alikula akiwa na barafu kwenye kiwiko.

"Bibi, umenitia aibu," alisema.

"Nyamaza ule."

"Bibi, kama nimekosea je? Kama kilikuwa kimechoka tu?"

"Basi kitapumzika," alisema Mama. "Leta sahani."

Amepigwa picha za kiwiko Lincoln. Daktari amesema majibu ni Alhamisi, na hii ni Jumanne, na katika nyumba hii hakuna anayelala. Mama ameshazima mlio wa simu ya kila mtu na kuuwasha tena. Emmett anajifanya anasoma. Tumeona, Baba, kwamba uliondoka na kila kitu chako isipokuwa hofu, hiyo ulituachia tugawane. Kabla ya Jumamosi ile tulikuwa hatujui hofu ina kazi gani. Majibu yakija, yawe yoyote, Mama amesema atakuletea kaburini mwenyewe, kwa miguu, asiendeshwe na mtu.

Unakumbukwa na mkeo Arlys; wanao Wendell na Marvene pamoja na mkwe wako Dorrance; mjukuu wako Emmett; dada yako Vlasta wa Wilber; msaidizi wako Kirby; familia ya Gaylen Haugen, na Rory mwenyewe, anayeomba iandikwe hapa kwamba mabinti zake wawili wanajua jina lako. Pamoja nao ni wote uliowahesabu vichwa kwenye basi. Lala sasa, Baba, wasiwasi tuachie sisi. Kukusahau hatutaweza kamwe.